Amplifaya ya Ukubwa wa Sabuni

Mwaka nilioingia karakana ndio ule tuliokula ugali wa njano. Uwele ulikauka shambani, mtama uliobaki ukamalizwa na ndege, yakaletwa mahindi ya njano ya msaada, na Dodoma nzima ikasonga ugali wenye rangi ya kiini cha yai, yai lenyewe halipo. Mboga mlenda mkavu. Karanga za kuutia hazikuwepo, zilikufa ardhini zikiwa bado zinanyonya. Kama hukuwepo, shukuru Mungu, na usije kuniambia hupendi maharage.

Naanza na unga kwa sababu unga ndio ulionifikisha kwenye spika. Karakana yetu ya Kizota, hii hii mliyobaki nayo sasa, Hamisi na mafundi wenzako, wakati ule iligawana ukuta na mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa binti wa darasa la nne, debe kichwani, nimepanga foleni. Mlango wa pili alikaa fundi wa redio, Mzee Chilongani, ambaye sikio lake la kushoto lilikwisha kufa. Alisema liliuawa na hiyo mashine. Basi kila akimaliza kutengeneza kitu alitoka nje, akanyoosha kidole kwenye foleni, akachagua sikio la kuazima. Siku hiyo kidole kikaniangukia mimi.

"Wewe binti mwenye debe! Unaisikia hii redio?"

"Shikamoo. Naisikia inakoroma."

"Marahaba. Inakoroma wapi?"

"Chini. Kama mtu mwenye mafua aliyelalia tumbo."

Akaifungua spika palepale, watu wanatazama. Karatasi yake ilikuwa imechanika upande wa chini, kama nilivyosema. Akaniangalia, akaliangalia debe langu. "Litue," akasema. Nikalitua. Mama alisubiri unga mpaka jioni, akanitandika, na kesho yake nikarudi.

Miezi mitatu sikugusa chuma cha kulehemu. Alinipa brashi ya kupakia rangi, mpya, isiyojua rangi, nikawa nafagia unga ndani ya amplifaya za watu. Zote zilikuwa na mba za njano. Nilinung'unika, lakini nikajua kila kitu kinakaa wapi kabla sijakijua jina. Baadaye akanipa mita ya mshale na betri moja ya tochi. Betri ile mnaijua, ikiisha nanunua nyingine, imenisaidia kuliko vyeti ambavyo sina. Ukiigusisha kwenye miguu ya spika, pale waya unapofungwa, karatasi inaruka. Ikirukia nje, waya umeuweka sawa. Ikirudi ndani, umeugeuza. Spika mbili zikikaa pamoja, moja inasukuma na nyingine inavuta, zinakulana sauti, na wewe fundi unabaki unailaumu Tanesco.

Jambo kubwa alilonifunza Mzee ni hili. Hakuna kitu kilichotoka karakana kabla hakijapelekwa kwenye mashine ya kusaga. Tunabeba amplifaya, tunaiweka mlangoni, mashine inaunguruma, wanawake wanapiga soga, madebe yanagongana, halafu ndipo tunawasha. Ikisikika hapo, mwenyewe aje achukue. Watu walituona wehu. Mwenye mashine alitaka tumlipe kwa kumchafulia biashara, Mzee akamwambia yeye ndiye alipe, kwa sababu ya sikio.

Kosa langu la kwanza la kukumbukwa lilikuja siku mashine ilipoharibika. Kwaya ya kijiji kimoja upande wa Chamwino walileta amplifaya yao, namba zake nyuma zimeandikwa kubwa kama za nyumba. Nikaitengeneza, nikaijaribu mezani kwa kaseti ya kinanda, karakana imetulia. Tamu! Nikawapa. Jumapili ikaenda kanisani. Walipoanza waimbaji thelathini, ngoma mbili na kayamba, yule anayeongoza akasikika kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Jumatatu katekista akairudisha kwa baiskeli, ameifunga kwa kamba za katani.

Mzee akaniuliza, "Uliijaribia kelele gani?"

"Mashine imeharibika, Mzee."

"Basi si ungesubiri itengenezwe?"

Nikaenda mwenyewe kijijini, kwa miguu na kwa lori la mkaa, nikakaa mazoezini kwao, nikaomba wapige kila kitu walichonacho. Mwenyekiti wa kwaya hakutaka. Alitaka neno tu, inafaa au haifai, watu wakalime. Nikamwambia, "Mpaka ngoma ilie, sisemi neno." Maneno yalinitoka tu, nilikuwa na njaa. Lakini yakaniganda. Tangu hapo, aliyekuja na spika ya bomba ya msikitini, aliyekuja na redio ya harusi, ndugu wa ofisini aliyekuja na tai na karatasi ya kugonga muhuri, wote nimewajibu hayo hayo. Ndugu wa tai alikasirika. Akaniuliza ngoma ataitoa wapi saa nne ya asubuhi. Nikamwambia apige meza. Akapiga, maskini, na amplifaya yake ikashindwa na meza.

Miaka ikaenda. Mzee Chilongani tulimzika akiwa na sikio moja na heshima zake zote. Mashine ya kusaga ikahamishwa, wakafungua welding, na kwetu ikawa ni nafuu, kelele ikawa ya bure kutwa nzima. Amplifaya nazo zikabadilika. Za zamani zilikuwa na uzito wa mbuzi na joto la jiko, ungeweza kukaushia mboga juu yake, na nimekaushia. Kisha zikaanza kukonda kila mwaka. Mimi nikazidi kunenepa. Mwaka huu tukakubaliana njia zetu zitengane. Nikampa Hamisi ufunguo, brashi na mita. Betri ya tochi nikabaki nayo kwenye mkoba.

Sikumaliza hata wiki mbili nyumbani, akaja mjukuu wangu Neema.

Neema anasoma chuo hapa mjini na anapiga gitaa kwenye bendi ya wanachuo wenzake wanne. Naomba niseme bila aibu, hakuna anayelipiga vizuri kama yeye kutoka hapa mpaka Manyoni. Anayebisha alete wake. Kati ya nyimbo tano walizokuwa wanaandaa kwa ajili ya mahafali, tatu alizitunga yeye, kwenye kochi langu, anakula ubuyu wangu.

"Bibi, wanataka kunitoa," akasema.

"Nani?"

"Jofrey." Huyo ndiye kiongozi wao. "Anasema gitaa halisikiki drams zikianza. Kuna mtu wa kinanda anataka kuingia. Nyimbo zangu wanabaki nazo, sehemu zangu anazipiga yeye."

"Amplifaya niliyokupa je?"

"Bibi, ile dereva wa bajaji amekataa kuipakia tena. Anasema springi zake zimeanza kulia."

Akanitolea simu, akanionyesha picha. Ubao mdogo wa pedali, zile za kubonyeza kwa mguu zinazobadilisha sauti ya gitaa, na pembeni yake kidude cha bati. Akasema ndiyo amplifaya yenyewe. Inakaa palepale miguuni, inapokea sauti kutoka pedali ya mwisho, inaipeleka kwenye spika. Rafiki yake ana mbili za kuuza, achague moja. Nikacheka mpaka nikakohoa. Kipande cha sabuni ya mche ni kikubwa zaidi! Nikauliza kama mtu anaisikiliza au anafulia.

Lakini alipozileta, nikavaa miwani. Moja ilikuwa ya wati hamsini, ina feni kwa chini, ikivuta vumbi. Kwa Dodoma, feni inayotazama sakafu ni kukaribisha udongo uingie ulale. Nikaiweka kando. Nyingine haina feni, mwili wake wote ni wa chuma chenye mbavu za kupoza joto, nyuma imeandikwa wati mia mbili. Ina kitasa cha kuzungusha cha besi, cha sauti za kati na cha sauti za juu. Nikasema hii. Pia nikamnyang'anya waya aliokuwa ameuunganisha kwenye spika. Ulikuwa waya wa gitaa, mwembamba kama kamba ya kiatu. Jeki zinafanana, ndiyo maana watu wanaunguza vitu. Nikampa waya wa spika, mnene, nilioutengeneza kwa mkono wangu.

Nikasema pia kwamba sitoi neno la mwisho hapo sebuleni. Twende mazoezini.

Bendi inafanyia mazoezi Msalato, kwenye banda la kuku ambalo mwenyewe aliacha kufuga. Kuta za matofali, paa la bati, manyoya bado yapo. Jumamosi hiyo nikavaa kitenge changu kizuri, nikaketi mbele kwenye kiti cha plastiki. Vijana wakaja mmoja mmoja, shikamoo Bibi, shikamoo Bibi. Jofrey mrefu, ana sauti ya mtu aliyezaliwa na kipaza sauti. Mpiga drams anaitwa Elia, mtoto wa mchungaji, akanisalimu kwa mikono miwili na goti moja limekunjwa. Nikampenda mara moja. Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Wakapiga. Gitaa la mjukuu wangu likasikika, kila uzi, kila kidole. Tamu kama maji ya kisima. Nikanyanyuka, nikasema, "Imetosha, inafaa." Nikapanda bajaji nikaenda zangu nyumbani, najipongeza kwamba hata nimestaafu bado nimo.

Jumanne Neema akarudi, hakugusa ubuyu.

"Jana tulipiga tena," akasema. "Bibi, sikusikika kabisa. Hata mimi sikujisikia. Jofrey amesema Jumamosi ndiyo ya mwisho. Nisiposikika, mtu wa kinanda anaingia."

"Haiwezekani. Nimesikia mwenyewe."

"Wewe ulikuwepo, Bibi."

"Ndiyo nakwambia nilikuwepo!"

"Sasa Elia angekupigiaje kelele usoni?"

Nikakaa chini. Miaka yote hiyo nimesema mpaka ngoma ilie, na sasa ngoma imenipigia magoti na mimi nimeona imelia. Yule mtoto alizipigapiga zile drams kama mtu anayefukuza nzi kwenye maziwa, kwa heshima yangu, na mimi bibi mzima nimeketi mbele na kitenge, nafurahia adabu yake. Halafu nikatoa neno. Neno likaelekea kumtoa mjukuu wangu kwenye nyimbo zake mwenyewe. Usiku huo sikulala vizuri, na sikumwambia mtu, nawaambia nyie.

Jumamosi nikarudi Msalato. Sikuvaa kitenge kizuri. Nilivaa gauni la karakana, lile lenye matundu ya risasi ya kulehemu, na mkoba wangu. Nikamwambia Hamisi atutangulie na spika mbili za wati nyingi kwenye makasha mepesi. Kama kawaida akauliza za nini. Nikamwambia abebe tu.

"Pigeni," nikasema.

Elia akaanza, tu, tu, tu.

"Elia, baba, unatafuta nini humo? Umedondosha sindano?"

Wenzake wakacheka. "Bibi," akasema, "mimi siwezi. Nyumbani nimefundishwa, mbele ya mtu mzima unapunguza."

"Nani kwenu anapiga ngoma?"

"Mimi tu."

"Bibi yako?"

Akatazama chini. "Bibi anapiga muheme. Zamani."

"Aha! Na mimi. Sisi kwetu muheme ni ngoma ya wanawake, unaibana katikati ya mapaja na unaichapa mpaka mume wako ajifanye hakujui. Unadhani bibi yako alipunguza? Nipe hiyo kubwa ya chini."

Akanipa, hana la kufanya. Nikaibana magotini. Haikuwa na umbo la ngoma yetu, na magoti yangu hayakuwa na umbo la magoti yetu ya zamani, lakini mikono haikusahau. Nikaichapa. Manyoya ya kuku yakainuka sakafuni. Jofrey akaruka nyuma, akashika kipaza sauti chake kisianguke.

"Mchungaji amezaa mpiga makofi!" nikamwimbia Elia usoni. "Mtoto wa kiume ana mikono ya uji!"

"Bibi, basi!"

"Uji wa mgonjwa! Hauna hata sukari!"

Akakamata vijiti. Alianza kwa kucheka, akaishia kwa hasira kidogo, halafu vyote vikaisha akabaki anapiga tu. Ilikuwa kama mtu amemwaga lori la kokoto juu ya paa. Nikaitua ngoma yake pembeni mwake, nikarudi nyuma taratibu mpaka pembeni mlangoni, nje ya macho yake. Akanisahau. Wakaingia na wimbo wa Neema. Nikamwona anachapa nyuzi, shingo imekaza, na sikusikia kitu. Mbu kwenye kopo. Nilikuwa nimemsikia mbu huyu huyu miaka mingi nyuma, kule kwa kwaya.

Nikapunga mkono, wakasimama. Nikaenda kwenye spika ya Neema, nikaigeuza. Hamisi, na nyie wote, someni hapa mara mbili. Niliikagua amplifaya kwa miwani, nikausifu waya wangu mwenyewe, na spika sikuigeuza. Nilidhani ni ya omu nane, kile kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme, kwa kuwa zote nilizoshika ni za nane. Nyuma, chini ya rangi, iliandikwa kumi na sita, na ile alama ya omu, kama pete iliyokatika chini ikaota miguu. Na kwenye amplifaya, pembeni ya wati mia mbili, kwa herufi za sisimizi, walisema: kwa omu nne. Omu zikiwa nyingi, njia ni nyembamba. Kati ya wati mia mbili, ilikuwa inapita robo tu. Mjukuu wangu alikuwa anapigana na lori la kokoto kwa wati hamsini, na spika iko chini sakafuni, inaimbia visigino vyake.

Nikaziweka spika mbili za Hamisi, za omu nane nane, nikaziunganisha sambamba. Mbili za nane zikikaa hivyo zinakuwa nne, ndiyo amplifaya inayotaka, na isiende chini ya hapo, itakufa. Nikatoa betri yangu kwenye mkoba. Ya kwanza ikarukia nje. Ya pili ikarudi ndani.

"Hamisi."

"Naam, Mama."

"Nani amelehemu hii?"

"Ni wewe, Mama. Mwaka juzi."

Basi nikageuza waya mwenyewe. Tukazipandisha juu ya matundu ya kutagia, usawa wa masikio. Mwisho nikainama kwenye vile vitasa. Neema alikuwa amezizima kabisa sauti za kati na kujaza besi na za juu, kwa sababu chumbani peke yake hivyo ndivyo inavyopendeza. Ndivyo wanavyofanya wote. Lakini besi ni shamba la mwenye gitaa la besi, juu ni shamba la matoazi ya Elia. Gitaa makazi yake ni katikati, na yeye alikuwa amehama kwake. Nikapandisha kati, nikapunguza besi.

"Bibi, inasikika mbaya!" akasema. "Kama inaongea puani."

"Peke yako, mbaya. Wewe unapiga peke yako?"

Akaweka gitaa begani. Nikarudi mlangoni nyuma ya Elia. Jofrey akahesabu. Elia akamwaga kokoto zake zote, safari hii hata hakuuliza nipo wapi, na juu ya kokoto hizo, hapana, katikati yake, likapita gitaa. Halikupiga kelele. Lilipita tu, kama mtu anayejua nyumba. Neema alipojisikia, shingo ikalegea. Akageuka kunitazama mara moja, akafumba macho. Wakafika kwenye kibwagizo na Jofrey akainua mkono, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Neema! Neema, punguza kidogo, mimi sijisikii!"

Wote wakaangua kicheko, na Hamisi kwa nguvu kuliko wote. Jofrey mwenyewe alipogundua alichosema akajishika kichwa. Akaja mpaka mlangoni, amekunja mikono kwa adabu.

"Bibi, nimekosa. Basi sema neno. Inafaa? Mtu wa kinanda nimwambie asije?"

 Neema amekumbatia gitaa, ananitazama jinsi mama yake alivyokuwa akinitazama siku za ripoti ya shule. Na Elia, mtoto aliyelelewa vizuri, aliposikia mtu mzima anataka kusema, akaviweka vijiti vyake mapajani, akainamisha kichwa, akanyamaza.

Nikamwangalia huyo Elia, adabu ile ile iliyonidanganya imemrudia. Nikavuta kiti cha plastiki, nikakaa.

"Mpaka ngoma ilie, sisemi neno."